Waya Uliokatika: Kiswahili cha Karakana na Mantiki ya Kubaini Hitilafu



1. Utangulizi

Wengi wenu mlitazamia kwamba mtu wa umri wangu, aliyetumia maisha yake katika sarufi na istilahi, atazungumzia ngeli, au historia ya usanifishaji, au lahaja. Nitazigusa ngeli, lakini kwa njia ya mzunguko. Nimekuja kuzungumzia gari langu.

Gari hilo ni la kawaida, miongoni mwa maelfu yaletwayo kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na bado lina ile sauti ya kike inayonisalimu kwa Kijapani kila ninapoliwasha. Mwaka juzi taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka mbele yangu na haikuzimika. Gari liliendelea kwenda vizuri, nami, kama walivyo wengi, nikaizoea taa ile kwa muda wa miezi minne. Katika safari ya kuizima nilijifunza jambo kuhusu Kiswahili ambalo miaka yangu zaidi ya 20 katika kamati za istilahi haikunifunza. Jambo hilo ndilo mada ya mhadhara huu.

Mhadhara una sehemu tatu. Kwanza nitaeleza kifaa chenyewe na kazi yake. Pili nitaeleza jinsi mafundi wawili walivyoishughulikia hitilafu moja, mmoja akakosea na mwingine akapatia, na nitachambua lugha ya kila mmoja. Tatu nitauliza swali linalotuhusu sisi tulio hapa: ni nini hasa kilichokatika kati ya lugha yetu na sayansi?

2. Kifaa na kazi yake

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limesimama, na katika joto la pwani hugeuka kwa wingi zaidi. Zamani mvuke huo uliachwa utoke hewani kupitia mfuniko wa tangi na matundu ya kabureta. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifanya kazi California, alionyesha kwamba ukungu mchungu uliokuwa ukiwatoa watu machozi mjini Los Angeles ulitokana na mvuke wa mafuta na oksidi za naitrojeni vikipigwa na mwanga wa jua. Kutokana na ujuzi huo, magari ya California ya mwaka 1970, na ya Marekani nzima ya mwaka 1971, yalilazimika kuuzuia mvuke wa tangi usitoke.

Njia iliyotumika ni sahili, na kwa mtu wa kwetu haina ugeni mkubwa: mkaa. Kopo lililojazwa mkaa maalumu wenye vinyweleo visivyohesabika huunganishwa na tangi kwa mpira. Gari likiwa limesimama, mkaa huunasa mvuke. Injini ikiwa inakwenda, vali ndogo hufunguka, nguvu ya ufyonzaji ya injini huuvuta mvuke kutoka katika mkaa, na mvuke huchomwa kama mafuta mengine. Hivyo hakuna kinachopotea, na mkaa huwa tayari kunasa tena.

Vali hiyo huendeshwa kwa umeme. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Mkondo ukipita, koili huwa sumaku na kuivuta vali ikafunguka. Naomba mzingatie njia ya umeme, kwa kuwa hoja yangu yote imejengwa juu yake. Umeme hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na rilei, hufika katika vali kwa waya wa kwanza, hupita ndani ya koili, hutoka kwa waya wa pili, na kuishia katika kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Katika magari mengi kompyuta haipeleki umeme katika vali. Kazi yake ni kuufungulia au kuufungia njia ya kwenda ethi, mara kadhaa kwa sekunde, kwa kadiri mvuke unavyohitajika.

Fauka ya hayo, kompyuta huutazama waya wa pili. Vali inapokuwa haijaamrishwa, hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo volti 12 za betri huvuka koili na kuonekana pale kompyuta ilipo. Kompyuta isipoziona, hujua kwamba kuna kasoro njiani. Huandika alama katika kumbukumbu yake na kuiwasha taa ya njano.

Alama iliyoandikwa katika gari langu ilikuwa P0443. Wanafunzi wa mofolojia wataifurahia. P ni kundi la injini na usafirishaji wa nguvu zake; 0 huonyesha kwamba alama ni ya watengenezaji wote, wala si ya kampuni moja; 4 ni vidhibiti vya ziada vya moshi na mvuke; 43 ni hitilafu yenyewe. Kila kipande kina nafasi yake na maana yake, sawa na viambishi vya kitenzi chetu. Mfumo huo, uliosanifishwa na Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, ulikuwa lazima kwa magari mapya ya abiria nchini humo kuanzia yale ya mwaka 1996, na kwa biashara ya dunia umefika hadi katika karakana zilizo chini ya miembe yetu.

3. Mafundi wawili

Fundi wa kwanza alikuwa na mashine ya kupimia. Aliichomeka chini ya usukani, akasubiri, kisha akanionyesha kioo. Chini ya alama palikuwa na maelezo ya Kiingereza. Akasema, "Mzee, vali ya mvuke imekufa. Tubadilishe." Tukabadilisha. Akaifuta alama, taa ikazimika, nikalipa, tukaagana kwa furaha. Asubuhi ya siku ya tatu taa ikawaka tena, na alama ikawa ile ile.

Nilirudi nyumbani nikayaandika yale maneno ya Kiingereza katika karatasi, nikayatazama kama nitazamavyo sentensi ya mwanafunzi. Maelezo hayo ni mlolongo mrefu wa nomino zilizopangwa moja nyuma ya nyingine bila kiunganishi chochote. Katika sarufi ya Kiingereza, neno kuu la kirai cha namna hiyo hukaa mwisho, na yote yaliyotangulia hulifafanua. Neno la mwisho lilikuwa "hitilafu", na lililolitangulia lilikuwa "mzunguko wa umeme". Neno "vali" lilikuwa nyuma ya hayo, likiufafanua mzunguko tu. Fundi wangu, ambaye lugha yake huliweka neno kuu mwanzo, alilishika neno alilolijua na kuliona kuwa ndilo lenye ugonjwa. Mashine haikusema kwamba vali imeharibika. Ilisema kwamba njia ya umeme ya vali ina kasoro, na koili ya vali ni sehemu moja tu ya njia hiyo.

Sasa tuyaweke maelezo hayo katika Kiswahili. Tazameni virai hivi viwili:

(a) mzunguko wa vali wenye hitilafu
(b) mzunguko wa vali yenye hitilafu

Tofauti ni ya silabi moja. Katika (a), "wenye" hupatana na "mzunguko", nomino ya ngeli ya M-/MI-. Hivyo ugonjwa uko katika njia nzima ya umeme. Katika (b), "yenye" hupatana na "vali", nomino ya ngeli ya N-. Hivyo ugonjwa uko katika vali. Kile ambacho Kiingereza kilikificha ndani ya mpangilio wa maneno, Kiswahili hukitangaza kwa kiambishi. Mtu aliyesoma (a) hana ruhusa ya kisarufi ya kununua vali mpya kabla ya kuupima mzunguko.

Lakini pana tahadhari, nayo inatuhusu sisi wana istilahi. Wapo wanaopendelea kusema "sakiti" badala ya "mzunguko", nami sina ugomvi na maneno ya mkopo. Lugha isiyokopa ni lugha isiyosafiri. Hata hivyo "sakiti" na "vali" zote zimo katika ngeli ya N-. Tukisema "sakiti ya vali yenye hitilafu", upatanisho hautusaidii tena, na utata ule ule uliomponza fundi unarudi kwa mlango wa nyuma. Katika kamati zetu tumebishana kwa siku nyingi iwapo neno ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza. Sikumbuki hata siku moja tuliyouliza: neno hili likikaa jirani na jenziwe katika sentensi ya fundi, je, ngeli zao zitatofautisha kile kinachopaswa kutofautishwa? Swali hilo nilifundishwa na taa ya njano.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Ni fundi umeme, kijana ambaye hajafikisha miaka 30. Aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, huyo wa kwanza alipima waya, au alipima kwa mashine tu?" Nikamwambia kwa mashine tu. Akatikisa kichwa, akachukua mita.

Naomba niyaeleze aliyoyafanya hatua kwa hatua, pamoja na maneno yake, kwa kuwa niliyaandika palepale.

Aliwasha swichi bila kuwasha injini, akachomoa soketi ya vali, na kuupima waya wa kwanza. Mita ikaonyesha volti 12 na nukta kadhaa. Akasema, "Moto unafika. Basi fyuzi na rilei ni nzima." Akaipima koili ya vali yenyewe, mita ikaonyesha ukinzani wa ohm 28. Akasema, "Hii ni hai." Kwa faida ya wasio wanafizikia: kwa volti 12, ukinzani huo huruhusu mkondo usiofikia nusu ya ampea, jambo ambalo kompyuta hulimudu. Koili iliyokatika isingeonyesha kipimo chochote, na iliyoungua kwa ndani ingeonyesha kipimo kidogo mno.

Kisha akairudisha soketi mahali pake, akapenyeza ncha nyembamba ya mita kwa nyuma, akaupima waya wa pili pale unapotoka katika vali. Volti 12. Hapo alisema sentensi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa mantiki aisikie:

"Ingekuwa koili imekatika, moto usingevuka upande huu. Umevuka. Basi vali haina kosa, na ile ya zamani pengine haikuwa nalo pia."

Baadaye akafungua kifuniko cha kontroli boksi, akautafuta waya ule ule kwa rangi yake, akaupima. Mita haikufika hata volti 1. Akasema, "Kwenye vali moto unatoka, kwenye kontroli boksi haufiki. Umefia njiani." Akafungua betri, akapima mwendelezo wa waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na mita ikakataa kabisa. Halafu akaufuata waya kwa vidole, akiukunja kidogo kidogo, mpaka akafika mahali ambapo shada la waya hukata kona karibu na chuma cha injini. Hapo pana tepu kuukuu iliyofungwa na fundi fulani wa miaka iliyopita. Akaifungua. Ganda la waya lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Alipolipasua, shaba ya ndani ilikuwa imekatika na kuliwa na kutu ya kijani. Akaikata sehemu mbovu, akaunga kwa lehemu, akafunika, akafunga shada upya mbali na chuma. Taa haijawaka tena hadi leo.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia ile taa ndogo ya kupimia ambayo kila fundi huwa nayo mfukoni. Akajibu, "Taa hiyo inakunywa moto mwingi, mzee. Kwenye waya za kontroli boksi unaweza kuua transista. Mita hainywi." Jibu hilo ni sahihi. Mita ya kisasa ina ukinzani mkubwa sana wa ndani, kwa hiyo hupima bila kuuvuta mkondo unaoweza kuidhuru kompyuta.

4. Uchambuzi wa lugha ya fundi wa pili

Mwanzoni tulizoea kuamini kwamba lugha ya karakana ni lugha duni, mchanganyiko wa "spea", "fyuzi" na "shoti", isiyoweza kubeba fikra za kisayansi. Hebu tuichunguze kwa haki.

Kwanza, neno "moto". Katika kamusi, moto ni kile kiwakacho jikoni. Katika karakana, moto ni kuwapo kwa volti mahali maalumu, nao hufika, huvuka, hunywewa, hufa. Si neno lililotumiwa kwa ulegevu. Fundi yule hakusema hata mara moja kwamba moto "upo" bila kutaja mahali: unafika hapa, umevuka upande huu, haufiki kule. Hiyo ndiyo maana ya volti katika fizikia. Ni tofauti kati ya mahali na mahali. Vielezi vyetu vya mahali vilikuwa tayari vimeifanya kazi ambayo istilahi ngeni huhitaji fasili ndefu kuifanya.

Pili, "ingekuwa ... usingevuka". Hapa kiambishi -nge- kimebeba kanuni kongwe ya mantiki: kama A ingekuwa kweli, B isingetokea, B imetokea, basi A si kweli. Kijana huyu hakuwahi kufundishwa jina la kanuni hiyo. Aliipata katika kitenzi cha lugha yake, akaitumia bila kosa, na ilimwezesha kuiacha vali na kuufuata waya.

Tatu, kuna vitenzi vya kazi yenyewe. Kiswahili kina "kuagua", "kubahatisha", "kupima" na "kubaini". Mwaguzi hutaja ugonjwa bila kuonyesha alivyoufikia. Ni lazima tumwamini. Anayebahatisha hana hata imani hiyo. Anayepima hupata takwimu. Anayebaini hupata takwimu, akazifunga moja kwa nyingine mpaka njia zote zikazibwa isipokuwa moja. Fundi wa kwanza alikuwa na mashine ya thamani, lakini aliitumia kama ramli. Fundi wa pili alikuwa na mita ya bei nafuu, na alibaini.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Tulipokuwa tukisubiri lehemu ipoe, nilimwuliza alisomea wapi. Akasema kwamba alifeli kidato cha nne, na fizikia ilikuwa miongoni mwa masomo aliyoyafeli. "Swali nililielewa lilipokuwa limekwisha kusomwa na kutafsiriwa na mwalimu darasani, mzee. Kwenye mtihani hakuna wa kukutafsiria." Aliyasema hayo bila uchungu, huku akiitazama kazi yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

5. Hitimisho

Mabibi na mabwana, kwa miongo mingi mjadala wa Kiswahili na sayansi umeendeshwa kwa namna ya fundi wa kwanza. Tumeona taa imewaka: wanafunzi hawaielewi sayansi. Tukasoma neno tulilolijua, tukaamua kwamba kilichoharibika ni lugha. Wengine wakasema Kiswahili hakina istilahi, tubadilishe lugha. Sisi tukajibu kwa kutunga orodha za istilahi, yaani tukanunua vali mpya nyingi. Taa ilizimika kwa siku chache kila orodha ilipozinduliwa, kisha ikawaka tena.

Sidharau orodha hizo. Nyingine zina jasho langu. Ninachosema ni kwamba hatukuupima mzunguko mzima. Nilichokiona chini ya kifuniko cha gari langu ni kwamba moto unatoka upande wa pili. Katika karakana, Kiswahili kinabeba fizikia ya umeme kwa usahihi unaoweza kupimwa kwa mita. Na upande huu wa chuo kuna maarifa, kuna vitabu, kuna maabara. Kilichokatika ni waya kati ya pande mbili hizi, nao umekatika ndani ya ganda lililo zima, ndiyo maana hatuuoni. Kwa nje kila kitu kinaonekana kimeunganishwa: kuna mitaala, kuna makongamano, kuna sera. Ndani yake shaba imeliwa.

Mtauliza: tufanye nini? Nina mapendekezo matatu madogo. La kwanza, kila mwanafunzi wa istilahi katika idara yetu akae karakanani, mashineni au zahanatini kwa muda wa kutosha, si kukusanya maneno pekee, bali kurekodi hoja kamili, kuanzia dalili hadi uamuzi. La pili, istilahi isipitishwe na kamati kabla haijawekwa katika sentensi halisi za kazi na kuonekana kama ngeli yake inasaidia au inatatiza. La tatu, maelezo ya alama za hitilafu za magari yaandikwe kwa Kiswahili chenye upatanisho sahihi, yapewe mafundi bure. Kazi hiyo si ya miaka. Wanafunzi kumi na mafundi kumi wanaweza kuianza muhula ujao, nami niko tayari kuketi nao.

Mwisho, neno kuhusu ile miezi minne. Nilipoizoea taa ya njano, nilidhani kwamba sipotezi kitu, kwa sababu gari lilikuwa linakwenda. Fundi ndiye aliyenizindua. Alisema, "Mzee, taa ikishawaka kwa hitilafu ndogo, kubwa ikija haina taa ya kuwasha." Sisi nasi tumeizoea taa yetu. Kila mwaka matokeo hutoka, tunasikitika kwa wiki moja, na gari linaendelea kwenda.

Kijana yule yupo ukumbini jioni hii, kwa mwaliko wangu. Ameniomba nisimtaje jina, nami nimetii. Lakini nilimwomba aje na mita yake, ili baada ya maswali awaonyeshe wanafunzi wangu alichonionyesha mimi. Gari liko nje.